Mama na matabisi ya ndege

Leo Mama ameomba matabisi ku agence ya ndege. Mi nilitafuta mahali pa kujificha!

Dada yangu amezaa kule Kinshasa, mutoto wa kwanza. Mama anaenda kumuona, na mufuko ya unga ya shamba yetu. Lakini binti wa agence anasema unga imepitisha kilo.

Mama: "Mwanangu, ku soko ukinunua majani ya sombe, banakuongezeaka kidogo juu. Matabisi yangu ya kilo iko wapi?"

Binti akacheka. "Mama, ndege haina matabisi."

Mama akarudisha makuta ya tike mu sakoshi. "Sawa. Naenda kwa bale bengine."

Bale bengine ni kampuni mupya, ng'ambo ya barabara. Tangu bafike, bei ya tike imeshuka pande zote.

Tukatoka. Lori ya mawe ya minerai ilikuwa imesimama mbele ya ofisi yao, binti kule ndani hawezi kuona mulango. Nyuma ya lori, mi naona... kofuli! Bamefunga, bameenda kula!

Nikamunong'oneza Mama.

"Nyamaza. Tembea polepole."

Tulikuwa hata hatujavuka, binti akatoka mbio. "Mama! Mama, rudia! Nakuongezea kilo tano!"

Aka! Na Mama hakugeuka mara moja. (Benye kujua soko, munaelewa.)

Unga yote inaenda. Dada yangu atakula bukari ya unga ya kwetu, hata kule mbali.

Sasa niambieni, nani atamusindikiza Mama ku aeroport? Mi naogopa. Ataomba piloti naye matabisi, na piloti atatoa.