Usingizi wa Rodrick

Mwanangu Rodrick, mkulima wa tangawizi hapa Mamba, alikuwa akisinzia kanisani hadi watu wakanong'ona kuwa amelewa dengelua. Pombe hajawahi kuonja. Sukari yake nayo ilikataa kushuka, ingawa alimeza dawa.

"Usiku analalaje?" daktari wa Same akauliza tulipompeleka hospitali.

Mkwe wangu Irine akainama. Mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya mama mkwe.

"Sema, mwanangu," nikamwambia.

"Anakoroma, mama, kisha pumzi inakatika. Namtikisa ndipo avute tena."

"Mimi sikoromi," Rodrick akafoka.

"Utajisikiaje nawe umelala?" nikamuuliza.

Daktari hakucheka. "Pumzi ikikatika hivyo usiku, mchana mtu husinzia, na sukari nayo hupanda. Lazima tutibu yote mawili."

Njiani Rodrick akanung'unika kuwa tumemwaibisha.

"Bora uitwe mgonjwa kuliko mlevi," nikamjibu. "Jumapili nitawaambia mwenyewe hao wa kanisani."