Mwalimu Lupakisyo na Ubishi wa Kukariri

"Mwalimu, kwa nini theluthi ni ndogo kuliko nusu, wakati tatu ni kubwa kuliko mbili?"

Nilimuuliza hivyo Mwalimu Lupakisyo nikiwa darasa la nne, Magomeni, Kilosa. Aliniangalia kama mtu aliyekuta mbuzi ofisini. "Kaa chini. Hapa darasani, siyo kijiweni."

Basi huyo ndiye aliyekuja kutufundisha kujadiliana! Wiki ileile tulisikia mthibiti ubora wa shule anakuja kuona kama wanafunzi tunajadili hesabu, na Mwalimu alikuwa anautaka ukuu wa shule mpaka suti alishashona. Akatugawa vikundi, akatuandikia maneno ya kusema. Swali langu akampa Yared kama jibu, awe wa kukosea. Yusta akapewa kupinga. Mimi nikapangiwa kupiga makofi. Tukakariri mpaka ubishi wetu ukawa kama sala ya asubuhi, hata kikohozi cha Yared kilikuwa na mahali pake.

Mthibiti, Bi Hildegarda, akaja, akaketi nyuma, halafu akauliza swali lake mwenyewe. "Nusu ya nane ni ngapi?"

Yared akasimama, akakohoa. "Theluthi ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili!"

"Sikubaliani nawe, mwenzangu!" Yusta akamkaripia. "Nusu ndiyo kubwa!"

Nikapiga makofi. Kazi ni kazi.

"Kwa nini nusu ndiyo kubwa, binti?" Bi Hildegarda akauliza.

Yusta akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari.

"Samahani, madam," Yusta akasema, "hapo hatujaandikiwa."

Ukuu ukaenda kwa Mwalimu Salome. Suti ikaishia kuvaliwa kwenye harusi za watu. Lupakisyo akapelekwa semina Mikumi, akajifunze majadiliano. Na alijifunza kwelikweli, maana sasa semina hizo anaziendesha yeye, beji shingoni, na walimu wenzake wanamwita Mwezeshaji.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, nilimkuta Mikumi kando ya barabara kuu, anakula chipsi mayai huku malori yanapita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Umekua, wewe!"

Nikaona leo hana pa kukimbilia, sahani bado imejaa. Nikamuuliza lilelile la theluthi.

Akafuta mdomo, akatabasamu kisemina. "Swali zuri sana," akasema, akiangalia huku na huku nyuma yangu, kana kwamba nimekuja na darasa zima. "Wenzako wanasemaje?"