Kahawa Isiyo na Maziwa

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Mama yako aliniambia ningoje nipoe kwanza ndipo nikuandikie. Nimengoja siku tatu na sijapoa. Kwa hivyo kaa chini, Nashipae, na kama unasoma haya kwenye simu, usifungue kitu kingine mpaka nimalize. Na wenzako wa rika lako wakitaka kusoma, wape, kwa sababu wengi wenu mnafanya mambo yale yale.

Kwanza nikuondolee wasiwasi. Sikuandikii kukukataza keki. Hapa Isinya kuna wazee wenzangu wanaoamini kwamba kijana akikaa mkahawani na kikombe cha kahawa, basi ameshauza shamba la babu yake. Mimi si mmoja wao. Napenda kitu kitamu, na napenda kiti kizuri garini; siku hizi mgongo wangu unakipenda zaidi yangu. Na ule ujanja wako wa kungoja saa ya jioni keki zikiuzwa nusu bei, na wa kutafuta gari zuri linalorudi tupu, sikucheki hata kidogo. Umeutoa kwangu, ingawa sijawahi kukuambia.

Wakati wa asubuhi hiyo ninayoikumbuka nilikuwa morani, kijana wa Kimaasai aliyetahiriwa. Nilikuwa nimemaliza shule na nimepata kazi ya kuuza misumari na mabati kwenye duka moja Kitengela. Nilikaa chumba kimoja na Sironka. Unamjua Sironka wa Kisaju, yule anayeuza nyasi kavu kando ya barabara. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukavaa nguo nyeusi pamoja, na tulipokuja mjini tulikuja pamoja. Yeye alikuwa bawabu kwenye ghala la saruji.

Nyinyi mliozaliwa juzi mnaisikia sheria ya maziwa kama hadithi, lakini sisi tuliishi nayo. Morani hanywi maziwa peke yake. Awe na njaa au kiu namna gani, lazima amngoje mwenzake wa rika, na hapakuwa na mjadala. Hata pale mjini, tukinunua pakiti moja ya maziwa, nilikuwa nakaa nayo mezani nikiitazama mpaka Sironka atoke kazini. Majirani zetu, watu waliohamia kutoka Murang'a, walidhani tuna wazimu.

Basi kando ya barabara ya Namanga palikuwa na mahali watalii waliposimama kununua shanga na kunyoosha miguu. Ndani walikuwa wanasaga kahawa mbele ya macho yako na kuichuja polepole, na walioka keki yenye sukari nyeupe juu. Siku moja nilitumwa kupeleka mabati pale, mpishi akanionjesha. Mwanangu, nilikuwa nimekunywa chai maisha yangu yote, na sikujua kinywa changu kinaweza kufurahi hivyo. Nikagundua kwamba keki zilizovunjika pembeni ziliuzwa kwa bei ndogo sana. Nikagundua pia kwamba kuna dereva wa gari la watalii aliyekuwa akienda Namanga bila abiria kila Jumamosi. Viti vyake vilikuwa vya kitambaa, unajinyoosha upendavyo, na alinitoza kidogo kuliko gari la kawaida.

Sasa ona akili ya kijana mjanja. Kahawa nilikunywa nyeusi. Si kwamba niliipenda nyeusi. Ilikuwa chungu na niliitia sukari mpaka kijiko kikakwama. Niliinywa nyeusi kwa sababu sheria ilitaja maziwa. Nilijiambia kwamba bila maziwa silazimiki kumngoja mtu, na hivyo sijavunja chochote. Niliona nimeipata njia ambayo wazee hawakuiona. Nikikumbuka jinsi nilivyojipongeza, natamani kumshika yule kijana nimzabe kofi.

Na ili Sironka asije akaniuliza ninakwenda wapi kila Jumamosi, nilimwambia, "Sina kitu." Kila wiki ilikuwa hivyo, eti duka limechelewesha mshahara, eti nimetuma nyumbani. Yeye hakuuliza zaidi. Aliongeza unga kwenye sufuria, tukala ugali wake.

Kisha kikaja kiangazi. Umeviona viangazi, sitakusimulia. Jumamosi moja asubuhi na mapema, mtu wa kwetu aliyekuja sokoni alitukuta chumbani na habari kwamba ng'ombe wa mama yake Sironka ameanguka. Mama huyo alikuwa mjane, na ng'ombe huyo ndiye pekee aliyebaki akitoa maziwa, tena ana ndama mdogo. Wewe umekulia kwenye boma, unajua ng'ombe aliyedhoofika akianguka ni lazima watu wamwinue, huyu mkiani, yule mabegani, wamshike mpaka damu irudi miguuni. Akilala mchana kutwa, miguu inakufa na hasimami tena. Bomani kwetu, maana familia zetu ziliishi boma moja, alikuwepo baba yangu, naye mgongo wake ulikuwa mbovu, na akina mama na watoto.

Sironka alitoa noti zake mfukoni, akazitazama, akanipa zote.

"Hii ni nauli ya mtu moja tu," alisema. "Wewe uko na nguvu kunishinda. Enda sasa hivi, umuinue pamoja na baba yako. Mimi nakuja na miguu."

Mfukoni mwangu, ndani ya leso, nilikuwa na nauli ya watu wawili na ya kurudi. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini neno hilo lingefungua Jumamosi zote zilizopita, na niliona aibu, basi nikanyamaza. Nilichukua nauli ya Sironka. Nakuandikia waziwazi ili usije ukadhani baba yako alipatwa na bahati mbaya tu.

Nilipofika barabarani basi lilikuja, limejaa, watu wamesimama. Nikaliacha lipite. Nilijua gari la viti vya kitambaa litakuja muda si mrefu, na nikafikiri nikikaa vizuri nitafika na nguvu za kuinua ng'ombe. Ndivyo nilivyojidanganya. Na kwa kuwa dereva alikuwa na desturi ya kusimama pale kwenye mkahawa wa watalii, nikaingia kumngojea, na nikiwa ndani nikaagiza kahawa na kipande cha keki.

Nilikuwa nimekaa karibu na kioo Sironka alipopita. Alikuwa na shuka lake na fimbo, anatembea karibu na kukimbia, vumbi limemfika magotini. Niliinamisha kichwa juu ya kikombe. Alipita, nami nikamaliza keki yangu.

Dereva alichelewa, na alipofika naye akataka kunywa kwanza. Tulimpita Sironka kabla ya Kisaju. Dereva akapunguza mwendo.

"Huyo si rafiki yako wa Kitengela?" aliniuliza. "Tumbebe, viti ziko."

"Hapana," nikasema, "anaenda hapo karibu tu."

Nikajilaza kwenye kiti ili asinione. Mwanangu, maneno hayo matano nimeyabeba tangu ujana, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia ila mama yako.

Nilifika jua likiwa utosini. Mama yake Sironka alikuwa amemwekea ng'ombe matawi ya kivuli na alikuwa akimnywesha maji kwa mkono. Tulimwinua, mimi na baba na akina mama. Tulimwinua mara tatu, na mara tatu miguu ilikunjika. Baba alilia kwa maumivu ya mgongo na hakuacha kushika. Alasiri ng'ombe alikata roho, Sironka akiwa bado njiani. Usiniulize kama angepona tungefika wawili asubuhi ile. Sijui. Hilo la kutojua ndilo linaloniudhi zaidi.

Sironka alipofika, aliona umati na akaelewa. Mama yake alikwenda ndani akatoa kibuyu. Asubuhi, kabla ng'ombe hajazidiwa, alikuwa amemkamua akiwa amelala vile vile, akapata maziwa kidogo, na hakuyagusa. Aliyahifadhi kwa sababu alijua wanakuja morani wawili.

"Kunyweni, wanangu," alisema. "Ni ya mwisho hiyo."

Sironka alikipokea kibuyu, akanitazama.

"Ile kahawa yako na keki ilikuwa tamu?"

"Kahawa gani?" akauliza baba.

Na mimi, mwanangu, mbele ya mjane na ng'ombe wake aliyekufa, nilijibu nini? Nilisema, "Haikuwa na maziwa."

Baba yangu alikuwa mtu mpole. Sijawahi kumwona kama siku ile. Alinijia karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Wewe ulifikiria sheria inalinda maziwa?" alisema. "Maziwa ni ya kulindwa na nani? Sheria ilikuwa inakulinda wewe, usizoee kushiba mwenzako akiwa na njaa. Na hiyo keki walikanda na nini, mate?"

Nilitaka kusema nitalipa, nitanunua ng'ombe mwingine, chochote. Baba alininyamazisha kwa mkono. Sironka hakuweza kunywa peke yake, sheria ilimkataza, na hapakuwa na morani mwingine pale. Alisimama na kile kibuyu kana kwamba hana mwenzake wa kunywa naye, nami nipo hatua mbili mbele yake. Kisha akaenda akampa ndama yale maziwa, akakirudisha kibuyu kwa mama yake.

Juma lililofuata alihama chumba. Ng'ombe nilimlipia, baada ya muda mrefu, na mama yake alimpokea kwa adabu. Na Sironka hatukuwahi kugombana. Tukikutana Kisaju namsalimu "Supa," ananijibu "Ipa," na kila mtu anakwenda zake. Ilipofika sherehe ya kuifungua sheria ya maziwa, ambayo baada yake morani anaruhusiwa kunywa peke yake, kila mmoja alikunywa na mwenzake wa siku zote. Mimi nilikunywa na mtu niliyefahamiana naye asubuhi hiyo hiyo.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza ulipotuambia kwamba umepata mwenzako wa kupanga naye chumba Kitengela, na kwamba ni Silantoi, binti wa Sironka. Mama yako alidhani sijafurahi. Nilitoka nje nikazunguka zizi mara mbili kwa furaha. Nikasikia kwamba Sironka naye hakukataa. Nilifikiri, labda watoto watarekebisha walichoharibu wazee.

Siku tatu zilizopita Silantoi alinipigia simu.

"Supa, Papa," alisema. "Tafadhali usimwambie Nashi nimekupigia. Hana kitu kabisa hizi siku. Wiki mbili sasa ni mimi nanunua chakula, na si tatizo. Leo nimempea nauli aende mahojiano ya kazi, mimi nikatembea kazini. Lakini anajinyima sana. Kama uko na kitu kidogo, umtumie."

Nikiwa bado nina simu sikioni, mama yako alinionyesha picha uliyoiweka mtandaoni jioni hiyo. Kahawa yenye povu lililochorwa jani, keki ya tabaka tatu, na wewe umejinyoosha kwenye kiti. Umeandika, "Jumamosi yangu, soft life bila stress." Nilimwambia Silantoi asante, mwanangu, nitatuma. Sikumwambia zaidi. Nilikata simu, na nikapaza sauti nyumbani humu mpaka kuku wakakimbia.

Usinijibu kwamba ni pesa yako. Najua ni yako. Usinijibu kwamba ilikuwa nusu bei, maana hata vipande vyangu vilikuwa vimevunjika. Kunywa kahawa, Nashipae. Kula keki, panda gari la viti laini, nenda mpaka Magadi ukajionee ziwa ukipata nafasi rahisi. Ukitaka kukaa peke yako, sema, "Leo nataka kukaa peke yangu." Mtu anayekupenda atacheka na kukuacha. Ukiweza kukata keki vipande viwili, kata. Tena kwa mwenye mfuko mdogo, keki moja ya watu wawili ni nafuu zaidi. Lakini usimwambie "sina" mtu ambaye akilisikia neno hilo atakupa chake. Uchoyo unasameheka, hata mimi ningesamehewa ule wa keki. Sironka hakukosana na uchoyo wangu. Alikosana na nauli niliyoipokea.

Silantoi huenda hajaiona ile picha. Au ameiona, na amenyamaza kama alivyonyamaza baba yake njia nzima kutoka Kitengela. Mimi sitamwambia, kwa sababu nikimwambia mimi, wewe hutakuwa umesema. Mwambie leo, akirudi kazini, kabla hajawasha jiko akupikie. Mwambie yote, na usitafute neno la kukuokoa. Ataumia, na huenda akakasirika, na hiyo ni bahati yako, kwa kuwa anayekasirika bado yuko chumbani.

Enkai, Mungu wetu, akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao asubuhi ile. Akupe riziki ya kutosha na kinywa kinachoweza kuitaja mbele ya mwenzako. Akulinde njiani, akuondolee aibu inayofunga mdomo. Na Enkai akujalie, mwanangu, uzeeke sana, na siku hiyo Silantoi aje kwako bila kualikwa, aketi, na asiondoke upesi.