Mistari ya Chokaa Sakafuni

Jirani yangu hapa Bigwa anapaka ukuta chokaa, na harufu yake mbichi imenirudisha kwenye msikiti wa kijijini kwetu, juu milimani.

Ulikuwa wa mawe ya mtoni na udongo, wa kwanza kujengwa kule juu. Waliojenga walikisia kibla kwa jua. Siku moja akaja mwalimu kutoka mjini na dira, akaiweka mbele ya mihrabu, akaitazama muda mrefu. Ukuta ulikuwa umekwenda upande.

Wazee walikataa kuubomoa. Basi bibi yangu, ambaye ukoo wake ndio uliotoa kiwanja, akakoroga chokaa kwenye ndoo, nami nikamshikia kamba. Tulichora mistari ya mshazari sakafuni, ili watu wasimame sawa ndani ya nyumba isiyo sawa. Chokaa iliniunguza vidole.

“Mwalimu,” bibi aliuliza bila kuinuka, “na waliosali humu kabla yako?”

“Hawakujua, bibi. Mungu amewapokea.”

“Na mume wangu? Yuko huko nyuma, tulimlaza kufuata ukuta.”

“Huyo mwacheni apumzike.”

Bibi alichovya brashi, akamalizia mstari. Kisha akaniambia taratibu, “Siku yangu ikifika, mnilaze kama yeye.”

Ilipofika, wanaume walichimba kaburi kwa kufuata dira. Nilikuwa mtu mzima tayari. Niliyasikia majembe kutoka uani, na sikusema neno.

Wamelala jirani, hatua mbili tu, kila mmoja ameelekea kwake.