Kitanda cha Mkwe

Nikisikia mtu akisema "hakuna mtu atanotice", damu inanichemka. Kauli hiyo niliisikia kwa produza, na mhariri akaitii. Sijawasamehe wote wawili, wala sina mpango huo.

Mimi huandika tamthilia za runinga, na naishi Kitengela kwenye nyumba ya kupanga. Mama yangu ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Kwetu mama hali meza moja na mume wa bintiye, hampi mkono, wala halali chini ya paa lake. Hiyo ndiyo heshima, na mama hajawahi kuivunja. Akija kunitembelea hulala kwa jirani yangu, mjane kutoka Murang'a anayeuza viazi sokoni. Nilipojifungua kwa upasuaji nikashindwa kuinuka, mama alishinda nje ya dirisha la chumba changu, siku baada ya siku, kwenye stuli ya jirani, akiniongelesha kupitia vyuma vya dirisha. Vumbi lilimla. Mume wangu akienda kazini alizunguka nyuma ya ploti ili asimpite karibu. Sijawahi kupendwa hivyo na watu wawili kwa pamoja.

Dirisha lile nililipeleka kwenye tamthilia. Niliunda mama mmoja, nikampa kitambaa cha kichwa cha mama yangu, kikohozi chake, na maneno aliyokuwa akiniambia: "Niko hapa nje, lakini niko." Nilimwambia mama mapema. Alifurahi mno, akawatangazia wamama wa kanisa lake kwamba mtoto wake amemweka kwenye TV vile alivyo.

Tulikodi nyumba mbili za kurekodia, zinazotazamana, huko Kisaju, moja ya mkwe na moja ya jirani. Kisha kituo cha runinga kikaamua tamthilia ianze mapema kuliko tulivyopatana, na produza akaanza kukatakata. Alinipigia simu.

"Nyumba ya jirani imetoka. Huyo mama alale tu kwa bintiye na mkwe. Lazima tumalize Friday."

"Hawezi kulala hapo! Hiyo ndiyo story yenyewe."

"Madam, hakuna mtu atanotice. Ni scene mbili tu."

Nikamkimbilia mhariri wa miswada. Huyu analipwa kujua mhusika anaweza nini na hawezi nini. Lakini siku hiyo alikuwa na vipindi vinne vya kupitisha kabla ya jioni, na nina hakika changu hakukisoma. Alifuta "dirishani" akaweka "kitandani", kisha akaniandikia, "Iko sawa." Haraka haraka haina baraka, hata watoto wa chekechea wanaijua. Nadhani siku hiyo ya chekechea yeye alikuwa mgonjwa.

Nilienda Kisaju kupigana. Nilikuta wameshamaliza, wanakunja nyaya. Mpiga picha, Mmaasai wa huko huko Kajiado, hakuweza kuniangalia usoni.

"Hata kwetu hiyo haiko," akaniambia. "Mama wa bibi yako unamkwepa hadi kwa njia. Nilisema. Nikaambiwa nishike kamera."

Kipindi kikaonyeshwa. Yule mama akajinyoosha kwenye kitanda cha mkwewe, akaamka na leso kiunoni, akaketi mezani ubavuni mwa mkwe akamwambia amsogezee chai. Kitambaa kilikuwa kile kile. Kikohozi, kile kile. Hata "niko hapa nje" waliiacha, akaisema akiwa amejifunika blanketi, ndani! Mtu niliyemjua tangu kuzaliwa kwangu walimtoa, wakamvisha mgeni asiye na haya nguo zake. Watazamaji walicheka sana. Produza alinitumia ujumbe asubuhi, amejaa furaha: scene ya mama imependwa, tumwekee zingine. Sikumjibu. Maneno niliyokuwa nayo hayafai kuandikwa.

Baadaye mchana mama akapiga simu.

"Nimeona hiyo TV," akasema.

"Mama, si mimi. Walibadilisha kazi yangu."

"Wamama wa kanisa walikuja kwangu kuangalia. Nilikuwa nimewapikia chai. Ikiisha wakaniuliza kama ni ukweli nililala kwa mkwe."

"Si ungewaambia ni uongo! Wewe ndio unajua vile ulikaa pale nje."

Nikasikia kikohozi chake.

"Jina lako lilipita hapo mwisho," akasema. "Wakalisoma wote, kwa sauti. Sasa mimi ningesema aje, mtoto wangu ni mwongo?"

"Mama, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni kweli. Nililala."