Sponji Kwenye Ncha ya Ndoano

Baba ametengeneza nzi maisha yake yote, na hakuwahi kuvua samaki hata mmoja. Ni nzi wa manyoya ya jogoo na uzi, wanaofungwa kwenye ndoano ndogo ili kuwadanganya samaki waitwao trauti katika mito ya ng'ambo. Aliwafunga kwenye karakana iliyomwajiri, kisha nyumbani kwetu mtaa wa Mbotela, kibano kikiwa kimekazwa kwenye meza ya chakula. Mpaka leo simegi chapati bila kukagua kama ina unyoya.

Presha ya macho ilipolichukua jicho lake la kulia, daktari alisema la kushoto litafuata. Baba hakulalamika. Alisema tu anataka kumwona trauti akimla nzi wake kabla giza halijaingia. Basi nikaazima fimbo ya kuvulia, tukapanda milima ya Nyandarua hadi kijito alikochota maji utotoni.

Kijito chenyewe kilinitia uchungu. Mipira ya kumwagilia viazi na kabeji ilikuwa imekinyonya, yakabaki mawe, na dimbwi moja chini ya mianzi. Baba alichagua nzi kwa kupapasa, nikamfungia kwenye uzi. Akarusha vibaya, akarusha tena, mpaka nzi akatua majini vizuri.

"Mami, unaona kitu?" akaniuliza; ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

Maji yakapasuka. Baba akavuta kwa nguvu zote, uzi ukarudi na nzi peke yake, mzima, na kipande cha sponji kwenye ncha ya ndoano.

Sponji! Kila nzi wetu akishafungwa huvikwa kipande cha kandambili kuukuu asije akatudunga. Nyumbani kwetu hakuna anayekiona tena. Nzi asiye nacho ndiye angetushtua. Mvuvi yeyote angekitoa kabla ya kurusha, maana ncha iliyozibwa haimnasi samaki.

Tulikitoa, baba akarusha mpaka ukungu ukafunga bonde. Hakuna samaki aliyekuja tena. Njia nzima ya kurudi nilitaka kulia, nikaona hata kulia ni bure.

Sasa jicho la kushoto nalo limekwenda. Baba bado hufunga nzi ambao hakuna anayewanunua, na vijana wa mtaa humtania wakipita mlangoni: "Sasa buda, leo umeshika ngapi?" Hucheka nao. Wakishaenda, hunigeukia.

"Mimi niliona maji tu, mami. Samaki alikuwa wa rangi gani?"

Sijui. Wakati ule nilikuwa namtazama Baba, nimwone akifurahi.