Kadi Yenye Tundu

Mwalimu wetu wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, alikuwa mdogo kuliko kitindamimba wangu, na mimi sikupenda namna yake. Mara mbili kwa wiki, tukishamaliza kuchuma kahawa, tulikaa katika nasari ya kanisa, nje kidogo ya Runyenjes, magoti yamefika kidevuni kwa sababu viti vilikuwa vya watoto. Kabla ya kutuachilia alimwita kila mmoja mezani, akamsomesha kidogo, akaandika kitu katika daftari lake. Alama hakutoa. Nikamuuliza huo ni mtihani gani usio na alama.

"Si mtihani, cucu. Natazama umefika wapi, nijue siku ijayo tuanzie wapi." Aliniita cucu, yaani nyanya, kama wajukuu wangu.

"Mtu hang'oi viazi kila siku kuangalia kama vimekua."

"Kweli. Lakini udongo ukipasuka, si hupapasa kwa vidole?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepapasa viazi vitamu asubuhi hiyo.

Mimi nilikuwa na haraka. Jirani yangu alikuwa amenicheka mbele ya akina mama wa kanisa kwamba ngumbaru ni mahali pa kupumzisha miguu. Nikawaambia Jumapili ya akina mama ikifika, somo nitasoma mimi. Zilibaki Jumapili nne.

Mzee wangu alifika darasa la nne. Nikichambua maharagwe alinisomea mistari minane ya somo hilo, tena na tena, mpaka nikaishika yote. Sikuona kosa. Nyimbo za kanisa tulizijua vivyo hivyo, kitabu kimefunguliwa kifuani, na kikiwa kimepinduka ni sawa tu.

Siku moja, zamu yangu mezani ilipofika, nilisoma mistari minane bila kupumzika. Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alichukua kipande cha katoni alichokitoboa tundu, akakilaza juu ya ukurasa, likaonekana neno moja tu.

"Hili?"

Nikaanza moyoni kutoka mstari wa kwanza, nikitembeza maneno mpaka hapo, nikalitaja. Akasogeza kadi.

"Na hili?"

Nikapotea. Mama mmoja nyuma akasema, "Mwache, amesoma vizuri." Nikachukua jembe langu mlangoni nikaenda.

Wiki hiyo sikurudi darasani wala sikutulia nyumbani. Nilipalilia mstari mmoja mara mbili. Nilimfunga mbuzi huku, nikamfungua, nikamfunga kule. Mzee akanitazama.

"Kwani mwalimu amekuonea?"

"Ndiyo."

"Alikuuliza nini?"

"Neno."

"Ulilijua?"

"Wewe kunywa uji wako."

Niliporudi mwalimu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alifungua daftari akanisomea alichoandika siku ile: herufi anazijua zote, kuziunganisha bado, anasoma kwa masikio.

"Mzee asikusomee tena," alisema. "Masikio yako yanakimbia mbele ya macho."

"Na Jumapili?"

"Tutapapasa kila kipindi, cucu. Tutaona."

Akakata maneno ya somo moja moja kwa makasi, akayachanganya mezani kama maharagwe. Siku nyingine nilijua sita, siku nyingine matatu, na yale yaliyonishinda ndiyo tuliyoanza nayo kipindi kilichofuata. Hakunisifu bure. Hapo nilianza kumheshimu.

Jumapili ikafika. Nilisimama mbele, kidole juu ya karatasi, nikaenda polepole. Kwenye mstari wa pili watu wakaanza kunitangulia, kama kawaida yetu, kila mtu analijua lile somo. Jirani yangu ndiye aliyepaza sauti zaidi. Nikainua kichwa.

"Ngojeni. Bado sijafika hapo."

Kanisa likanyamaza. Mchungaji akatazama saa yake, na mimi nikamwacha aitazame.

Mstari wa saba, neno moja likanikataa. Kichwani nilikuwa nalo, lingetoka lenyewe nikiliachia, na hakuna mtu angejua. Nililiziba kulia na kushoto kwa vidole viwili, likabaki peke yake, nikalisoma herufi kwa herufi mpaka likakubali. Kisha nikaenda mstari wa nane.